Mkia wa Namba

Juni, Uyole. Baridi imeingia hadi kwenye vitufe.
Luku imebaki yuniti tatu na sisi bado tunabishana
kuhusu lugha ambayo waliokuwa wakiiuza
walifunga duka, wakaondoka na funguo.

Kiwanda cha chai kule Rungwe hakina habari.
Mizani yake bado inasema lugha ileile,
mistari elfu kumi na moja, herufi kubwa tupu,
kama mtu anayepayuka kwa sababu simu ni mbovu.
Mashine inakohoa. Ikifa, nani atasoma?

Ndiyo maana tunaandika kitafsiri kipya,
chanzo chake wazi, mlango bila komeo:
ingia, shika jembe, ukikosea tutakuambia.
Ambakisye huja akishafunga kibanda chake Mwanjelwa;
sarufi yote iko kichwani mwake.
Tweve yuko Makete, hupanda kilima kutafuta mtandao,
hutuma vipande vidogovidogo
vilivyonyooka kama mshono wa fundi mwenye deni.
Na yuko mmoja tusiyemjua sura, jina lake herufi tatu,
huamka sisi tukilala. Mwaka jana
alinyoosha mstari mmoja tu, akaandika
"samahani kwa kuchelewa", akapotea miezi sita.

Sheria yetu ni moja: kipya kiseme kama cha kale.
Si vizuri kuliko. Kama.
Cha kale kikigugumiza, nasi tugugumize.
Kikimeza neno, tumeze.

Katikati ya programu kuna maneno:
USIGUSE HAPA. MWAIPOPO, 3/87.
Tuliuzunguka mstari huo kama kaburi
la mtu mwenye ndugu wakali.
Tweve alijenga nadharia tatu.
Mwishowe tukapata namba, tukampigia Tukuyu.
"Wanangu, sikumbuki," akacheka.
"Labda lori la kiwanda lilikuwa linaondoka."

Jana tulifungua boksi la mwisho la karatasi,
zile zenye matundu pembeni, majibu ya mashine
mwezi kwa mwezi. Kitafsiri chetu hupewa hesabu zilezile;
kikitofautiana hata kwa nukta, taa nyekundu.
Mashamba makubwa yalipita yote, kijani, kijani.
Boksi la mwisho lilikuwa la wakulima wadogo.
Nyekundu, kurasa nzima.

Machi 1988. Mkulima namba 412.
Jani bichi, 14.5. Lililolipwa, 14.
Chetu, kwa adabu yake, kiliandika 14.5.
Yaani chetu ndicho kilichokosea.
Lugha ile, namba ikizidi chumba,
hukata mkia. Kimya. Hesabu inaendelea.

412 ni mama.

Naijua Machi ya Rungwe, mvua haibishi hodi.
Naujua mgongo uliobeba kapu lile.
Nusu kilo ni chumvi. Ni mafuta ya taa
ya usiku mmoja wa kusoma.

"Tukirekebisha," Ambakisye alisema polepole,
"vitabu vya miaka yote hiyo havitafungana."
Tweve, kwenye simu, upepo ukimpiga: "Na tusipo…"
Ukakatika.
Yuniti moja.

Nikaandika mwenyewe. Mistari sita.
Nilimfundisha mtoto wetu kula nusu kilo ya mama
sawasawa kama alivyokula yule wa zamani,
na taa zikawa kijani ukurasa baada ya ukurasa,
na sikufurahi.

Kisha nikaongeza kitu ambacho cha kale hakikuwa nacho:
kila kikikata, kiseme.
ONYO: mkia wa namba umekatwa.
Majibu hayabadiliki. Ila sasa kuna sauti.
Na juu yake, kwa herufi ndogo:
gusa hapa. 412.

Asubuhi Loleza umejifunika ukungu hadi magotini.
Herufi tatu ameshapitia, amekubali.
Ameuliza swali moja tu:
412 ni nini?

Nimechemsha chai.
Bado sijamjibu.